Kupiga V kwenye pleti nene kabla ya kuchomelea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mafundi, vijana wanaojifunza kazi, na wateja wanaoleta trela za miwa, stendi za vinu vya posho, minara ya matangi na mabomba kwenye karakana za Kisumu na sehemu za jirani. Kupiga V ni kuchonga kingo za pleti kwa mshazari, ili zikikutana zitengeneze mtaro wenye umbo la V wa kujazwa na rodi. Maswali yamewekwa jinsi yanavyoulizwa mlangoni. Vipimo ni vya chuma laini cha kawaida, ila pale nilipotaja kingine.

Mbona mnasaga pleti yangu kabla ya kuichomelea? Si mnaipunguza nguvu?

Hapana. Chuma kinachosagwa hurudishwa na rodi, tena chote. Shida ni kwamba moto wa rodi hauzami sana. Rodi ya kawaida huyeyusha milimita chache tu za pleti. Ukigusanisha pleti mbili za milimita 12 bila V, ukazichomelea juu na chini, katikati panabaki mstari ambao haujashikana kabisa. Ukitazama kwa nje mshono ni safi, una mawimbi mazuri, na mteja analipa akifurahi. Ndani kuna ufa uliotengenezwa na fundi mwenyewe.

Trela ya miwa inayotoka shambani kuelekea kiwandani, ikiwa imejaa kupita kiasi kama kawaida ya trela za huku, inapigwa na mashimo ya barabara kutwa nzima. Ufa ule wa ndani unakua kidogo kidogo kuelekea juu. Siku utakapoonekana kwa nje, chuma kilichobaki kushikilia mzigo ni kidogo mno. Tunapiga V ili rodi ifike chini kabisa, kwenye mzizi wa mshono, ianze kujaza kutoka huko.

Nianze kupiga V kwenye unene gani?

Hadi milimita 3, huhitaji. Kati ya 4 na 6 unaweza kuacha kingo zikiwa zimenyooka, mradi uache nafasi katikati (nusu ya unene inatosha) na uchomelee pande zote mbili. Zaidi ya 6, piga V. Kuanzia kama milimita 20, na ikiwa unaweza kufika upande wa nyuma, piga V mbili, moja juu na moja chini.

Hapo kwenye 6 kuna ubishi usioisha. Msimamo wangu ni huu: kama unafikia upande mmoja tu na rodi uliyo nayo ni 6013 (ile ya kawaida madukani, isiyozama sana), piga V hata kwa milimita 5. Hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika kwamba mshono umeshika sana.

V iwe nyuzi ngapi?

Nyuzi 30 kila upande, ili pleti mbili zikikutana upate nyuzi 60. Kwa mabomba, kipimo kilichozoeleka ni nyuzi 37.5 kila upande, yaani 75 kwa jumla. Ukinunua fitingi za bomba zilizochongwa kiwandani, zile za kuchomelewa mwisho kwa mwisho, utakuta ndivyo zilivyo.

Mafundi wengi wanajua kwamba V nyembamba ni mbaya. Rodi haipati njia ya kufika chini, moto unang'ang'ania kuta za V badala ya mzizi, na uchafu wa unga wa rodi unanaswa pembeni. Wachache hujiuliza kuhusu V pana, na huko ndiko pesa inakopotelea. Chukua pleti ya milimita 12. V ya nyuzi 60 inahitaji kama gramu 650 za chuma kwa kila mita ya mshono, bila kuhesabu nafasi ya katikati. Ukiifungua hadi nyuzi 90 kwa sababu grinda ilikuwa mkononi na hukutaka kusimama kupima, unahitaji kilo 1.13. Rodi moja ya geji 10, ukitoa kipande cha kutupa, huacha chuma kisichofika gramu 20. Kwa hiyo umejiongezea zaidi ya rodi 24 kwa mita moja, pamoja na stima yake na muda wake. Halafu joto lote hilo la ziada linaivuta pleti mpaka inapinda.

Nimeona vijana wakisaga V kama mtaro wa maji ya mvua na kusifiwa kwa bidii.

V ifike mpaka chini, ukingo uwe mkali kama kisu?

Usifanye hivyo. Acha ubapa wa milimita 1.5 hadi 3 chini ambao haukuguswa. Ukingo mkali ukipata moto unayeyuka wote kabla hujakaa sawa, na unabaki na shimo la kuziba badala ya mzizi wa kujenga.

Kisha acha nafasi ya milimita 2 hadi 3 kati ya pleti mbili. Njia rahisi ya kuipata ni kuvua unga kwenye rodi. Waya wa ndani wa geji 12 una unene wa milimita 2.5 hivi, wa geji 10 una 3.2. Ukunje uwe herufi U, uuweke katikati ya pleti, piga taki (mshono mfupi wa kushikilia pleti), uutoe, usogee mbele, urudie. Nafasi itakuwa sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na usawa huo una maana kuliko kama ulichagua 2.5 au 3. Nafasi ikianza na 2 ikaishia na 5, hakuna ampia moja (kipimo cha umeme unaoweka kwenye mashine) itakayokufaa kwa mshono wote.

Usisahau kwamba pleti hujivuta mshono unapopoa. Nafasi ya mwisho inaweza kufunga wakati bado uko mwanzoni, hasa taki zikiwa ndogo. Kwa pleti nene taki iwe na urefu wa milimita 25 hivi, na upunguze miisho yake kwa diski kabla ya kuipita, ili mshono uingie na kutoka bila kuacha tundu.

Sina protrakta. Nitapimaje nyuzi 30?

Chukua unene wa pleti, toa ubapa unaoacha chini, zidisha kwa 0.58. Jibu ni umbali wa kuchora mstari juu ya pleti kutoka ukingoni. Kwa pleti ya milimita 12 yenye ubapa wa 2, kimo kinabaki 10, mstari unakaa milimita 5.8 kutoka ukingoni. Kwa pleti ya 10 ni 4.6, kwa 16 ni 8.1, na kwa 20 ni 10.4, zote zikiwa na ubapa huo wa 2. Chora mstari wa pili kwenye unene wenyewe, milimita 2 kutoka chini. Sasa unasaga kutoka mstari hadi mstari, na pembe inajitengeneza yenyewe.

Mstari wa chaki una upana wa milimita 3 na unafutika ukiugusa kwa mkono. Tumia sindano ya kuchorea au ncha ya tupa iliyonolewa. Ukiwa na kingo nyingi za aina moja, kata kipande cha bati chenye pembe ya nyuzi 60, utembee nacho mfukoni ukikagua.

Grinda au gesi?

Inategemea mita ngapi. Ukitumia vipimo vya pleti ya 12 hapo juu, kila mita ya ukingo unaondoa karibu robo kilo ya chuma, na mshono una kingo mbili. Mita moja au mbili kwa grinda ni kazi ya asubuhi na inatoka safi. Mita ishirini kwa grinda ni kumaliza diski, kuchosha mabega na kuchoma mota, na kufikia saa nane mchana pembe zinakuwa zimeshaanza kutangatanga kwa sababu fundi amechoka.

Gesi hufanya kazi kwa njia tofauti na wengi wanavyodhani. Chuma hakiyeyushwi na ule mwali. Mwali hukipasha tu mpaka kiwe chekundu, karibu nyuzi joto 870 za Selsiasi, kisha mkondo wa oksijeni hukichoma chuma chenyewe na kukipuliza chini. Ndiyo maana gesi inakata pleti nene bila taabu na haiwezi kukata stenlesi wala alumini. Ngozi ya vyuma hivyo inazuia oksijeni isiendelee kuchoma.

Ukiinamisha tochi nyuzi 30, mwali unapita kwenye chuma kirefu kuliko unene wa pleti. Pleti ya milimita 12 inakuwa karibu 14. Chagua nozeli ya kukata unene wa milimita 14, na upunguze mwendo. Ukiwa mkata gesi wa mkono mtupu, funga pembe ya chuma juu ya pleti kwa klampu iwe reli ya kuegemeza tochi. Kuna karakana zenye kigari cha injini kinachobeba tochi kwenye reli, na kwa kazi ya pleti nyingi ndefu, kama zile za majahazi ya chuma na meli kwenye yadi ya bandari ya Kisumu, mkono wa mtu haushindani nacho.

Mimi huondoa sehemu kubwa kwa gesi, kisha grinda inamalizia. Karibu kila mtu mwenye mitungi hufanya hivyo.

Nimekata kwa gesi na imetoka laini. Bado nisage?

Ndiyo. Uso uliokatwa kwa gesi una ngozi nyeusi ya oksidi, hata ukiwa laini kwa kidole. Ngozi hiyo ikichanganyika na mshono huleta matundu. Saga mpaka uone chuma cheupe kinachong'aa, na usafishe milimita 25 juu na chini ya pleti kando ya V. Kutu, rangi, grisi na ile ngozi ya bluu ya kiwandani vyote vitoke.

Makovu ya mahali tochi ilipotetereka yasawazishwe. Kovu refu lijaze kwa rodi na ulisage, usitegemee kwamba litajifunika lenyewe.

Na plazima, mashine inayokata kwa umeme na hewa?

Ni nzuri kwa stenlesi na alumini, na inaenda haraka. Ina mambo mawili. Hewa ya kompresa lazima iwe kavu, na kwa unyevu wa Kisumu hilo linahitaji chujio linalomwagwa maji kila asubuhi, pengine na mchana tena. Pili, hewa ina naitrojeni, na naitrojeni inaingia kwenye uso uliokatwa. Ukichomelea bila kusaga kwanza, unapata vitundu kwenye mshono na unalaumu rodi bure.

Diski ipi ya kusagia?

Diski nene, ile ya milimita 6 hivi yenye kitovu kilichozama. Diski nyembamba ni ya kukata tu. Kusaga kwa ubavu wa diski ya kukata ni kujitafutia kipande cha diski usoni, na inafanywa kila siku kwenye kila jua kali ninayoijua, kutoka Kibuye hadi Nakuru.

Kuna jambo baya zaidi. Diski ya inchi 9 imetengenezwa kuhimili mizunguko 6,650 kwa dakika. Grinda ndogo ya inchi 4.5 inazunguka kama mara 11,000. Fundi anayeondoa kinga ya grinda ndogo ili diski kubwa iingie amefunga bomu kwenye mkono wake, na sisemi hivyo kwa kutia chumvi: diski ile inapasuka na vipande vinaruka kwa kasi kubwa mno. Soma namba kwenye diski, soma namba kwenye mashine. Ya diski iwe sawa na ya mashine au zaidi.

Kwenye pete ya chuma katikati ya diski kuna mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi. Gundi inayoshika mchanga wa diski huchakaa kwa unyevu, kwa hiyo diski iliyokaa kwenye duka lenye unyevu karibu na ziwa isinunuliwe kwa sababu tu ni rahisi. Iliyoanguka kwenye sakafu itupwe.

Miwani na kioo cha uso vyote viwili, si kimoja. Cheche zinaruka mbali. Ondoa vitu vinavyoshika moto ndani ya mita 11.

Mtungi wa asetilini unaweza kulazwa kwenye pikapu?

Usafirishwe ukiwa umesimama na kufungwa mnyororo. Ndani yake kuna asetoni inayoshikilia gesi, na ukiulaza asetoni inatoka na gesi kuingia kwenye bomba la mpira na tochi. Ukiletewa mtungi uliolala, usimamishe na uuache utulie kwanza. Shinikizo la asetilini lisizidi psi 15, kwa sababu juu ya hapo gesi hiyo inaweza kulipuka bila hata kukutana na hewa. Weka vizuia moto kurudi kwenye mitungi yote miwili, na kamwe usipake mafuta wala grisi kwenye saa za kupimia shinikizo la oksijeni.

Gesi ya kupikia inakata vizuri pia, ukibadilisha nozeli. Haifai kuchomelea chuma.

Rodi gani ijaze V?

Duka la vifaa litakupa 6013 bila kuuliza, kwa sababu ndiyo inayouzwa zaidi. Inawaka kwa urahisi, mshono wake ni mzuri kwa macho, na hata mashine ya kawaida ya transfoma inaiendesha. Udhaifu wake ni kwamba haizami, na uchafu wake unapenda kutangulia mbele ya moto ndani ya V nyembamba. Ukilazimika kuitumia, mzizi uuanze na geji 12, nafasi isipungue 2.5, na baada ya kila pasi (mstari mmoja wa mshono) ugonge uchafu wote na kupiga brashi ya waya mpaka uone chuma. Kuharakisha hapo kunazika uchafu ndani.

Kwa mzizi unaobeba mzigo, 6011 inafaa zaidi kwa mashine ya transfoma, na 6010 kwa mashine ya mkondo mnyoofu (DC). Zote mbili zinachimba. Kwa kujaza na kufunika, 7018.

Sasa kuhusu 7018. Watu wanaisifu halafu wanaitesa. Nguvu yake inatokana na kuwa kavu. Ikinyonya unyevu, haidrojeni inaingia kwenye mshono, na kwenye pleti nene mshono unaweza kupasuka saa kadhaa baadaye, wakati fundi yuko nyumbani. Paketi ikifunguliwa, rodi zikae kwenye oveni yenye nyuzi 120 hadi 150. Zikilowa unyevu, zinahitaji kuokwa tena kwa joto kali, kama nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja au mbili, kwa kufuata maandishi ya kiwanda. Kuzianika juani juu ya bati hakufanyi chochote, hata jua la Ahero. Na paketi iliyokaa wazi msimu wote wa mvua za masika usiihesabu kuwa 7018 tena.

Pleti zangu ziliinuka kama mbawa baada ya kuchomelea. Kosa liko wapi?

V ya upande mmoja ni pana juu na nyembamba chini. Chuma kingi kinapopoa juu kinavuta zaidi kuliko kile cha chini, na pleti zinainuka. Unaweza kuzilaza kinyume kwanza kwa nyuzi 2 au 3, ili zikivutwa zinyooke. Unaweza kuzifunga kwenye meza nzito. Lakini kwa pleti nene dawa yenyewe ni V mbili.

Hesabu inasema yote. Pleti ya milimita 20 ikipigwa V moja ya nyuzi 60 inataka kama kilo 1.8 za chuma kwa mita. Ikipigwa V mbili, kila moja ya kina cha 10, inataka kilo 0.9. Nusu. Na ukichomelea kwa zamu, pasi moja juu, geuza, pasi moja chini, mvuto wa juu unapambana na mvuto wa chini na pleti inabaki pale pale. Kugeuza pleti nzito ni kazi, najua, lakini winchi na vijana wawili ni rahisi kuliko kunyoosha pleti iliyokwisha kupinda.

Kabla ya kuanza upande wa pili, saga mzizi wa upande wa kwanza kutoka nyuma mpaka ufikie chuma kizima kisicho na mstari wala tundu.

Siwezi kufika nyuma. Ni chasi iliyofungwa.

Weka kipande cha pleti bapa nyuma ya nafasi, unene wa milimita 6 hivi, kikae kimebana bila mwanya. Ongeza nafasi ifike 5 au 6, acha kingo ziwe bila ubapa, na uchomelee mzizi ukishika pleti zote mbili pamoja na kipande hicho. Kitabaki ndani.

Kiungo cha T nacho kinahitaji V?

Mara nyingi hapana. Kama mshono wa kona pande zote mbili unatosha kubeba mzigo, acha pleti iliyosimama jinsi ilivyo. Kina cha kweli cha mshono wa kona ni 0.7 ya mguu wake (upana wa mshono juu ya kila pleti), kwa hiyo mguu wa milimita 8 unakupa 5.6.

Ikiwa ni sikio la kuinulia mzigo, kishikio cha jembe la trekta, au mguu wa mnara wa tangi, chonga ukingo wa pleti iliyosimama kwa pembe ya nyuzi 45 na uingize mshono mpaka ndani. Pleti iliyolala usiiguse.

Pleti moja ni 20, nyingine 12. Je?

Punguza ile nene kwa mteremko hadi ilingane na nyembamba, milimita 4 kwenda kwa kila milimita 1 ya kushuka. Hapa ni kushuka 8, kwa hiyo mteremko wa 32. Kisha piga V ya kawaida kwenye 12. Ngazi kali kati ya unene mmoja na mwingine ndiyo mahali ufa huanzia kwenye kitu kinachotikisika.

Chasi ya lori ina ufa. Nipige V juu ya ufa?

Tafuta kwanza mwisho wa ufa. Safisha mpaka chuma cheupe, paka mafuta ya taa, ngoja, futa kabisa, kisha paka chokaa nyembamba. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatachora mstari kwenye chokaa. Utashangaa jinsi ufa unavyoenda mbali kuliko jicho lilivyouona. Toboa shimo la milimita 6 kwenye kila mwisho, ili usiendelee kutambaa. Halafu saga V kufuata ufa mpaka uishe. Usipouondoa wote, umeufunika tu. Kabla ya kuwasha rodi hakikisha mafuta ya taa yameondoka kabisa, si kwa kufuta tu bali kwa kupasha joto taratibu.

Na umwulize dereva kwa nini ilipasuka. Mara nyingi jibu ni tani.

Springi za lori, meno ya ekskaveta, fremu ya kinu cha zamani: kanuni ni hizo hizo?

Umbo la V ndiyo, mengine hapana. Springi ina kaboni nyingi. Ukiichoma kwa gesi ukingo unakuwa mgumu na dhaifu kama kioo, na mshono unapasuka kandoni. Inahitaji kupashwa joto kabla, rodi kavu ya haidrojeni kidogo (kama 7018), na kupozwa taratibu ndani ya majivu au mchanga mkavu. Springi inayorudi kwenye gari isichomelewe kabisa. Fremu za vinu vya zamani mara nyingi ni chuma cha kusubu. Saga V kwa grinda tu, tumia rodi ya nikeli, mishono mifupi mifupi.

Hata chuma laini, kikizidi milimita 20 na ukiwa na rodi za kawaida zisizo za haidrojeni kidogo, kipashe hadi nyuzi 65 kwanza. Nakuru iko juu, na asubuhi ya Julai pleti iliyolala nje ni baridi kweli.

Bomba lililopakwa zinki?

Saga zinki yote pande zote za ukingo, angalau milimita 25. Moshi wa zinki unaleta homa na kutetemeka usiku ule ule. Maziwa hayatibu.

Mbona bei ya fundi mmoja ni mara mbili ya mwenzake kwa kazi ile ile?

Pengine si kazi ile ile. Muulize kila mmoja kama bei ina V, na ya upande mmoja au miwili. Omba upigiwe picha ya kiungo kikiwa na taki tu, kabla hakijajazwa, itumwe kwa simu. Mzizi ukishafunikwa hakuna anayeuona tena, hata fundi mwingine. Fundi mzuri hatakasirika ukimwomba, na wengi wanaofanya kazi hiyo vizuri huipiga picha hiyo bila kuombwa.

Nijifunzie wapi?

Kituo cha NITA (mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani) kilichoko Kisumu kinafundisha na kutahini mafundi kwa gredi, na Kisumu National Polytechnic ina kozi. Cheti kinasaidia ukitaka kazi za mabomba ya mvuke. Kaunti ya Nakuru ina Olkaria, ambako umeme wa mvuke wa ardhini ulianza kuzalishwa mwaka 1981, pamoja na Menengai. Viungo vya mabomba ya namna hiyo hukaguliwa, na anayekagua hatazami urembo wa juu.

Mnachomelea boila za viwanda vya sukari?

Boila na vyombo vya shinikizo vina sheria yao, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, na lazima vikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Ukarabati wake unataka utaratibu ulioandikwa na mchomeleaji aliyepimwa kwa utaratibu huo. Usimpe fundi yeyote kwa sababu tu alitengeneza trela yako vizuri.

Tangi la dizeli je? Ni tupu, limekaa mwaka mzima.

Hapana. Tangi lililobaki na mvuke tu ni hatari kuliko lililojaa, na cheche ya kwanza ya grinda inatosha. Lipelekwe kwa watu wenye vifaa vya kuliosha kwa mvuke na kupima gesi ndani, halafu ndipo tuongee kuhusu V.